Kulenga Usichokiona

Ukiwa Kimuka, mji wa Ngong huuoni. Vilima vimekaa katikati. Aliye juu ya vilima, penye mitambo ya umeme wa upepo, anaona pande zote mbili. Sasa chukulia una mzinga Kimuka na shabaha yako iko Ngong, Mungu apishe mbali. Jicho lako halina kazi. Utategemea ramani, hesabu, na yule wa kileleni akwambie kombora limeanguka wapi. Hivyo ndivyo meli mbili za Uingereza, Severn na Mersey, zilivyopambana na Königsberg ya Wajerumani katika delta ya Rufiji mwezi Julai 1915. Mimi si mpenzi wa vita, lakini ufundi uliotumika pale nautazama kwa heshima.

Baharini kazi hii ilikuwa ngumu zaidi, maana hakuna kilichotulia. Meli yako inakwenda, ya adui inakwenda, sitaha inayumba. Kombora la masafa marefu hukaa hewani karibu nusu dakika, na katika nusu dakika meli yenye mwendo wa noti 20 husogea mita 300. Kwa hiyo mpigaji halengi meli. Analenga maji matupu ambako meli haijafika.

Ili kuyajua maji hayo, mabaharia wa mwanzo wa karne ya 20 walitengeneza vyombo vya kustaajabisha. Kipimamasafa cha Barr and Stroud, kutoka Glasgow, kilitazama shabaha kwa vioo viwili vilivyoachana na kupata umbali kwa pembe. Chombo cha afisa John Dumaresq kilipewa mwendo na uelekeo wa meli zote mbili, nacho kikaonyesha masafa yanapungua au yanaongezeka kwa kasi gani. Saa ya Vickers ikaendelea kuyahesabu masafa hayo hata moshi ulipoficha adui. Frederic Dreyer akavikusanya vyombo vya namna hiyo kwenye meza moja yenye karatasi inayosonga na kalamu zinazochora. Arthur Pollen, ambaye hata hakuwa mwanamaji, akabuni mtambo uliofanya hesabu ileile kwa sahani na gololi zinazozunguka. Yote haya bila kompyuta ya umeme. Kisha Percy Scott akashikilia kwamba mizinga yote ifuate mtu mmoja aliye juu mlingotini, afyatue kwa mkupuo. Novemba 1912 meli ya kivita Thunderer, iliyofungwa mtambo wa Scott, ilishindanishwa na Orion isiyo nao, ikapiga shabaha mara sita zaidi.

Hata hivyo, mitambo yote hiyo hutoa makisio tu. Kombora la kwanza kwa kawaida hukosa: baruti imepata joto, mtutu umechakaa, upepo wa juu haujulikani. Hapo mwangalizi hutazama maji yanaporuka. Yameruka nyuma ya shabaha au mbele yake? Kwa kiasi gani? Masafa yanapunguzwa, yanaongezwa, mpaka shabaha ibanwe katikati. Kukosa ni habari, ila habari hiyo inafaa tu ikijulikana kombora ni la nani.

Jambo hili Waingereza walilijua kwa gharama Rufiji. Königsberg ilikuwa imeizamisha meli ya Uingereza Pegasus bandarini Zanzibar tarehe 20 Septemba 1914, kisha ikajificha ndani ya mito na mikoko ambako meli kubwa zaidi za Waingereza hazikuweza kupita. Severn na Mersey zilikuwa za maji ya kina kifupi, zilizojengwa kwa ajili ya Brazil, kila moja ikiwa na mizinga miwili ya inchi 6. Zilivutwa kwa kamba kutoka Malta. Tarehe 6 Julai 1915 ziliingia mtoni, zikatia nanga mbele na nyuma zisiyumbe, zikapiga zote mbili kwa pamoja kutoka kama kilomita 10. Juu yao zilizunguka ndege zilizotoka kisiwa cha Mafia, zikituma masahihisho kwa simu ya upepo. Lakini mwangalizi angejuaje kombora hili ni la Severn na lile la Mersey? Akisahihisha moja, aliharibu jingine. Zaidi ya makombora 600 yakatoka, machache mno yakapata.

Wajerumani nao walikuwa na macho. Waangalizi wao walijificha ufukweni, na Königsberg ikapiga kwa shabaha ya kutisha hata ikauvunja mzinga wa mbele wa Mersey na kuua mabaharia. Severn ilipogundua kituo kimoja juu ya mti na kukishambulia, mizinga ya Königsberg ilianza kukosa. Sijui uthibitisho mzuri zaidi wa thamani ya mtu mmoja mwenye darubini.

Tarehe 11 Julai wakarudi, safari hii kwa zamu. Severn ilipiga peke yake, Mersey ikanyamaza. Angani rubani John Cull aliendesha ndege ya Henri Farman huku Harwood Arnold akigonga Morse: limepita, punguza, limepungua, ongeza. Mkupuo wa nane ukaipata Königsberg, na baada ya hapo yakafuatana.

Kisha ndege yenyewe ikapigwa na injini ikafa. Arnold akatuma taarifa kwamba wamepigwa na wanahitaji mashua. Kazi ya mwangalizi ingeweza kuishia hapo bila lawama. Lakini wakati Cull akiiteremsha bila injini kuelekea mtoni, Arnold aliendelea kutazama. Makombora yalikuwa yakipata, lakini yote yalikuwa yakiangukia upande wa mbele wa meli. Akalituma sahihisho hilo kabla ndege haijagonga maji. Mashua ya Mersey ikawaokoa wote wawili, na Severn, ambayo haikuwahi kuiona shabaha yake, ikahamishia makombora katikati ya Königsberg.