Pongezi kwa Stephen King

Mtunzi wa riwaya za kutisha akubalipo kuketi mbele ya wanafunzi, akaisoma kazi yake kwa sauti yake mwenyewe na kisha akajibu maswali, huifanyia elimu hisani kubwa. Na ndivyo alivyofanya Stephen King, Desemba 2012, katika Chuo Kikuu cha Massachusetts Lowell, Marekani, alipowasomea hadhirina hadithi yake "Afterlife" kabla haijachapishwa, akazungumza na mwandishi mwenziwe Andre Dubus III. King, aliyekuwa mwalimu wa sekondari, ambaye kurasa za mwanzo za riwaya yake "Carrie" (1974) ziliokolewa na mkewe Tabitha katika kapu la taka, astahili heshima zote. Na mapato ya usiku ule, alhamdulillahi, yaliwafadhili wanafunzi.