Apacha Iliyoufuta Msikiti Mkuu wa Kilwa

Picha mmeziona. Zimezunguka simu hadi simu tangu maharusi wale walipovuka kutoka Kilwa Masoko hadi Kilwa Kisiwani na wapambe wao, na pongezi zimemiminika. Naomba nitofautiane na wenzangu, na niseme mapema tusipotezeane muda: ile picha kuu, ya bi harusi chini ya matao ya Msikiti Mkuu, imeharibika. Mkao ulikuwa mzuri, mwanga ulikuwepo, kamera bila shaka ni ya mamilioni. Kilichoiua ni apacha.

Ifungue tena, ivute kwa vidole viwili. Kope za jicho la kushoto zinahesabika. Herini ya sikio la mbali imeshageuka kitone cha dhahabu kisicho na umbo. Hina ya mkono ulioshika shela imelegea. Bwana harusi, hatua moja tu nyuma, hana pua. Halafu tafuta msikiti. Matao yale yote, nguzo na makuba, vimekuwa uji wa kijivu. Ukimwambia mtu asiyejua kwamba ile ni karakana ya Buguruni, atakubali.

Hiyo ni 1.4, kwenye lenzi ya milimita 85, umbali wa kama mita tatu. Hesabu yake mnaijua: kina kinachotoka kikali hapo ni sentimita kumi hivi. Sentimita kumi zinatosha uso mmoja unaoitazama kamera. Watu wawili waliooana haziwatoshi, sembuse jengo.

Na jengo ndilo lililowapeleka. Hakuna anayekodi boti, akalipia kibali, akamvusha mkondo bi harusi aliyejifunga shela hadi kifuani lisilowe, kwa ajili ya rangi ya kijivu. Sehemu ya kaskazini ya msikiti ule ni ya karne ya 11 au ya 12. Upanuzi wa kusini, wenye matao na makuba waliyosimama chini yake, ni kazi iliyoanzishwa mwanzoni mwa karne ya 14 na Sultani al-Hasan bin Sulaiman, yule yule ambaye Ibn Battuta alimkuta Kilwa mwaka 1331. Ukaporomoka, ukajengwa upya karne ya 15. UNESCO ikayaingiza magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara kwenye Urithi wa Dunia mwaka 1981, na kuanzia 2004 hadi 2014 yalikaa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Miaka kumi watu wanahangaika na chokaa na mawe ya matumbawe ili kuta zisidondoke baharini, halafu mpiga picha anazifuta kwa kuzungusha kidole mara moja.

Ugonjwa huu najua ulikotoka. Umetoka kumbini. Kwenye kumbi zetu za Dar, nyuma ya maharusi kuna pazia la satini lililokunjamana, maua ya plastiki, spika mbili ndefu na mjomba anayetafuna. Pale 1.4 ni stara, na mimi mwenyewe nimewahi kuisifu. Lakini mtu anayeficha kila Jumamosi mwisho husahau kwamba alikuwa anaficha. Anaamini ule ukungu ndio ufundi. Wateja nao wamezoeshwa, wakiona nyuma kumeyeyuka wanasema kamera kali. Nimeshaandika humu na nitarudia hadi mchoke: lenzi kufunguka hadi 1.4 ni uwezo ulionunua, hujalazimishwa kuutumia kila unapobonyeza.

Nimesikia utetezi. Wa kwanza: chini ya makuba kuna giza, ilibidi afungue. Haikubidi. Ukumbi wa kale wa kaskazini hauna paa leo, anga lote linaingia humo. Kilwa iko kama digrii tisa kusini ya ikweta, na kibla pale ni kaskazini karibu moja kwa moja. Kwenye picha za boti shela linavutwa kuelekea kaskazini, maana yake ni msimu wa kusi, na miezi hiyo jua la mchana liko upande huo huo wa kaskazini. Linashuka kwenye ukumbi usio na paa, linagonga ardhi na kuta, linarudi chini ya matao likiwa limelainika. Msimamishe bi harusi hatua chache ndani ya kivuli, pale jua kali linapokoma, uso kaskazini. Wewe rudi nyuma mpaka kwenye ukumbi ulio wazi. Uso wake utapata mwanga ambao watu wa studio wanahangaika kuutengeneza kwa vitambaa na taa tatu, na nyuma yake matao yatafuatana, moja ndani ya jingine, hadi gizani. ISO 800, shata 1/125, apacha 8. Kamera ya leo kwa ISO 800 haitoki hata jasho.

Lenzi nayo iwe 35. Kwa apacha 8, ukifokasi mita tano, kila kitu kuanzia mita mbili na nusu hadi upeo wa macho kinatoka kikali. Bi harusi mzima anaingia, kuanzia taji hadi pindo, bwana harusi anarudishiwa pua yake, na msikiti unakuwa mgeni wa tatu kwenye picha.

Utetezi wa pili: alikuwa anaficha bango na watalii. Ndugu yangu, sogea hatua mbili. Nguzo zile ni nene; moja peke yake inafunika watalii wa boti nzima pamoja na kofia zao.

Tukiwa kwenye nguzo, ngoja nikae hapo kidogo, maana hapa ndipo picha ilipokuwa inamsubiri. Nguzo za upanuzi ule zina pande nane. Mwanga ukizijia kwa ubavu, upande mmoja unakuwa mweupe, unaofuata kijivu, wa tatu unazama kwenye weusi, na ukiangalia karibu utaona vitundu vya matumbawe pale chokaa ilipobanduka. Mjenzi alimwekea mpiga picha kipimo cha mwanga cha jiwe. Ukitaka kujua uso wa bi harusi utakuwa na kivuli kiasi gani, tazama nguzo iliyo jirani naye kabla hujainua kamera. Katika picha yetu, nguzo ya kulia kwake ni mstari mnene wa moshi. Hakuna hata upande mmoja uliobaki.

Mengine? Picha za boti ni safi, ile ya jioni kwenye ngome ya Gereza imekaa vizuri, na mshonaji wa gauni apewe maua yake.

Picha ya droni juu ya birika la Husuni Kubwa inanitia uchungu wa aina yake, kwa sababu mnajua nisivyoipenda droni. Kila harusi siku hizi lazima tuone utosi wa watu. Lakini pale, juu ya kasri ya al-Hasan yenye vyumba zaidi ya mia moja, birika lina pembe zake nane zote, kingo zimenyooka, maharusi wako katikati wadogo kama inavyopasa. Ndiyo picha bora ya usanifu katika albamu nzima. Na sababu ni ya kuchekesha: droni ile ina lenzi pana na kihisi kidogo, haina namna ya kuleta ukungu hata ukiiomba. Imepatia kwa kukosa uwezo wa kukosea.

Kuna na lile la bwana harusi kukalishwa ndani ya mihrabu, miguu imekunjwa, miwani ya jua usoni. Msikiti kukosa paa hakuufanyi uwe sebule. Sitaendelea, walezi wake wapo.

Wala sitasema mengi kuhusu rangi. Mtu kapigwa picha Lindi, ngozi yake nzuri ya maji ya kunde imerudi ya machungwa, na kuta zilizokuwa na weupe uliochakaa, weusi wa ukungu wa mvua na majani kwenye nyufa zimepakwa rangi moja ya chai ya maziwa. Wanaopiga picha kwenye majengo chakavu ya Kilwa Kivinje na moshi wao wa rangi wanafanya hivyo hivyo. Ukiyaondolea magofu rangi yake, umebakiza nini?

Wazee hawakuhitaji kuambiwa haya. Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio kule Unguja mwaka 1930. Tazama picha zake za Mji Mkongwe: mtaa unasomeka, ukuta unasomeka, na watu hawajapoteza heshima yao kwa sababu jengo limeonekana. Parekh wa Mombasa alifanya kazi ndani ya studio, bila matao ya sultani yeyote, lakini uso uliotoka mikononi mwake ulikuwa na upande wa mwanga na upande wa kivuli, na nguo ilikuwa na nyuzi. Enzi zile roli ya filamu ya 120 ilikupa picha 12 za mraba, basi. Kwenye jua walifuata kanuni ya apacha 16, wakabana lenzi, wakapima kwa macho, wakabonyeza mara moja. Leo mtu anarudi kutoka Kisiwani na faili elfu tatu, zote za 1.4, na msikiti haumo.

Mpiga picha huyu si mbumbumbu, na ndiyo maana nimempa ukurasa mzima. Jicho analo. Tao alilochagua ndilo nami ningelichagua. Alifika mahali sahihi saa sahihi, akamsimamisha mtu sahihi, kisha akaleta tabia ya ukumbini.

Kwa hiyo wewe unayeoa au kuolewa msimu ujao na umeshaanza kuulizia bei ya boti pale Masoko: kabla hujatoa malipo ya awali, mwombe mpiga picha akuonyeshe picha yake moja ya maharusi ambayo unaweza kuhesabu matao, madirisha au hata mabati ya nyuma yao. Moja tu. Asipokuwa nayo, mchukue, ila fanyeni harusi ukumbini, mtaokoa nauli.