Mtazame Kocha Kupitia Benchi Lake

Ukitaka kujua kama kocha ni fundi au anabebwa na wachezaji wake, usianze na kabati la vikombe. Klabu yenye fedha hujinunulia vikombe kwenye usajili. Anza na benchi: nani amekaa pale, na akiitwa anaingia na sura gani.

Mchukue Hugo Broos, Mbelgiji aliyezaliwa 1952. Aliipa Club Brugge ubingwa wa Ubelgiji 1992 na 1996, kisha Anderlecht 2004. Hayo tuyapite, kwa klabu hizo ubingwa ni deni, si muujiza. Mimi alinishika akiwa na Cameroon kwenye AFCON ya 2017, Gabon. Wachezaji kadhaa aliowataka, akiwemo Joël Matip wa Liverpool, waligoma kuja. Golini akampanga Fabrice Ondoa, kijana wa kikosi cha pili cha Sevilla. Pembeni akampa nafasi Christian Bassogog, aliyekuwa akicheza Denmark, naye akaondoka na tuzo ya mchezaji bora wa mashindano.

Fainali ilipigwa Libreville, tarehe 5 Februari. Mohamed Elneny aliitanguliza Misri dakika ya 22. Dakika ya 31 beki wa Cameroon, Teikeu, akatoka, akaingia Nicolas Nkoulou. Baada ya mapumziko akaingia Vincent Aboubakar. Dakika ya 59 Nkoulou akapanda hewani, kichwa, 1-1. Dakika ya 88 mpira mrefu ukamfikia Aboubakar. Akautuliza kifuani, akambetulia Ali Gabr juu ya kichwa, na kabla haujatua akaukung'uta ukampita kipa El Hadary. Mabao yote mawili ya Cameroon yalitoka benchi.

Utasema ni bahati. Sawa, lakini nyota aliyenuna benchi humjui? Huingia akitembea, akisubiri aletewe mpira miguuni, akikosa pasi ananyoosha mikono. Wale wawili waliingia kama watu walioanza mechi. Moto wa namna hiyo hauwashwi na hotuba ya dakika kumi na tano chumbani.

Jambo la pili ni kipigo: mechi inayofuata timu inarudije? Afrika Kusini ya Broos ilianza AFCON ya 2023, iliyochezwa Ivory Coast mwanzoni mwa 2024, kwa kufungwa 2-0 na Mali. Ikaichapa Namibia 4-0, ikaitoa Morocco 2-0, ikamaliza ya tatu. Uti wa mgongo wake ulikuwa wachezaji wa Mamelodi Sundowns, watu waliozoeana tayari. Kocha asiyeona haya kuazima mazoea ya klabu, mimi humuongezea alama. Penalti nne alizopangua Ronwen Williams dhidi ya Cape Verde, hizo muandikie kipa.

Sasa jaribu kipimo hicho kwa Mbelgiji tuliyemwona kwa macho, Patrick Aussems. Ligi ya Mabingwa 2018/19 Simba yake ilipigwa 5-0 Kinshasa na AS Vita, 5-0 tena Misri na Al Ahly, halafu ikawafunga wote wawili Dar es Salaam na kuingia robo fainali. Safi sana. Lakini mechi tatu za ugenini kwenye kundi lile aliruhusu mabao 12, naye hakufunga hata moja. Mimi humpa nusu ya alama, na kijiweni kwetu hilo limeshanigombanisha na watu wawili.