Binti wa Mchimba Makaa na Sikio la Mgeni
Filamu Coal Miner's Daughter (1980) ya Michael Apted yasimulia maisha ya Loretta Lynn, mwimbaji wa muziki wa kantri, binti wa mchimba makaa wa Kentucky, Marekani. Mtazamaji wa Kinsevere, penye mgodi wa shaba karibu na Lubumbashi, hata asipoujua muziki huo, amjua baba atokaye mgodini amechoka. Ufanisi wa filamu umo hapo: maisha hutangulia, wimbo hufuata. Wimbo wenye jina la filamu waja mwishoni, na Sissy Spacek auimbapo kwa sauti yake mwenyewe, mgeni huwa ameshauelewa. Kasoro ni kwamba baada ya kifo cha baba, umaarufu waufunika mgodi. Gitaa la Mwenda Jean Bosco, lililorekodiwa Jadotville (sasa Likasi) mwaka 1952, lastahili msimulizi asiyesahau hivyo.