Katika Sifa ya Mkalimani wa Mahakama

Katika fani zinazostahiki taadhima mjini Dar es Salaam, sioni iliyopunjwa shukurani kama ya mkalimani wa mahakama, ambaye kwa miaka mingi, pale shauri lililosikilizwa kwa Kiswahili katika Mahakama ya Mwanzo ya Kinondoni au Temeke lilipopanda kwa rufaa hadi kwenye kumbukumbu na hukumu za Kiingereza, alisimama baina ya ulimi wa mdai na kalamu ya hakimu.

Hebu tutazame neno moja tu, “unwarranted”, ambalo Waingereza hukipachika kila kitendo kisicho na uhalali, na ambalo shina lake ni hati, idhini na dhamana. Mvivu husema “bila sababu” akapita. Lakini askari aliyepekua chumba Mbagala pasipo hati alikuwa na sababu, pengine sababu njema. Alichokosa ni idhini. Mwenye nyumba wa Mwananyamala aliyeongeza kodi maradufu, ilhali kuongeza ni haki yake, alikosa kiasi. Na jirani wa Tandika aliyemtuhumu mwenzake wizi hakuhitaji ruhusa ya mtu. Alikosa ushahidi, nasi husema tuhuma zake hazina msingi. Mkalimani hodari, maadam watu wote wamenyamaza wakimngoja, hupima kwanza ni kipi kilichokosekana, ndipo anene. Na kipimo hicho, ambacho watunzi wa kamusi ya Kiingereza-Kiswahili ya TUKI ya mwaka 1996 walikifanyia kazi mezani kwa utulivu, yeye hukikamilisha kwa pumzi moja. Tena hujizuia, na hapa ndipo ninapomstahi zaidi, asiliite “dhuluma” jambo lililopungukiwa kibali tu, kwa kuwa atakayelisema neno hilo amekwisha kumhukumu mshitakiwa kabla ya hakimu.

Mwaka 2021 Bunge lilipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, wako waliodhani kazi hii imekwisha. Mimi sikubaliani nao. Hukumu za miongo mingi zimo bado katika Kiingereza, na kila wakili azinukuupo mbele ya hakimu hulazimika kuupima upya uhalali uliokosekana. Basi vijana wanaosomea sheria na wafunzwe fani hii na wakalimani wakongwe, madhali wapo.