Fremu Ilikataa, Mwezeshaji Akasema Chimbeni

Mtaro wa fanya juu uliochimbwa kwenye shamba la shule Wiki ya Maji, pale kwenye miteremko ya Uluguru, ni kazi mbovu, na watoto walioshika majembe hawana lawama hata chembe. Uliharibika kabla ya jembe la kwanza. Uliharibika pale fremu A ya kupimia usawa wa ardhi iliposhushwa kwenye gari ikiwa tayari imechorwa alama nyeusi katikati ya ubao wake, mwezeshaji akawakabidhi wanafunzi na kuwaambia imeshapimwa, kazi yao ni kuifuata hiyo alama. Mliokuwepo mliona, na wengi wenu mlipiga makofi.

Kazi nyingine za siku ile zilikwenda vizuri: chupa tatu, ya udongo mtupu, ya matandazo na ya nyasi, zilitoa maji ya rangi tatu bila mtu kuhitaji kuhutubia, na vetiva ilipandwa kwa nafasi inayotakiwa. Hapo sina neno.

Turudi kwenye fremu. Ilikuwa na miguu ya mita 2, na kutoka unyayo hadi unyayo mita 2 vilevile. Ubao wa kati ulipigiliwa misumari, kamba yenye jiwe ikaning'inizwa kutoka kichwani, na alama ikapatikana kwa kuupima ubao kwa futi na kuugawa nusu kwa nusu. Kosa ndilo hilo. Nusu ya ubao haina lazima ya kuwa mahali kamba inapolala nyayo zikiwa sawa. Mguu mmoja ukizidi mwenzake kidogo, au ubao ukipigiliwa ukiwa umepinda, alama hiyo inadanganya, na itadanganya kwa upande uleule kila inapotumika. Fremu hupimwa juu ya ardhi. Unapigilia vigingi viwili, unaisimamisha, unasubiri jiwe litulie, unatia alama kamba inapogusa ubao. Kisha unaigeuza, mguu wa kushoto unakaa ulipokuwa wa kulia, unatia alama ya pili. Katikati ya alama hizo mbili ndipo penye usawa. Ni kazi ya dakika 10; ukiwa na darasa zima linalosukumana, 20.

Na dakika hizo ndizo zilizokuwa somo. Mtoto anayeigeuza fremu na kuona kamba imeangukia mahali pengine anajifunza kwamba kifaa kinaweza kukosea, na kwamba yeye mwenyewe, bila mtaalamu, ana njia ya kukikamata. Anajifunza pia kwa nini macho hayatoshi mlimani: ukisimama kwenye mteremko, kila mstari unaonekana sawa mpaka mvua inyeshe. Mwezeshaji aliyaondoa hayo yote ili kuokoa muda, akabakiza kuchimba.

Tena ardhi yenyewe ilimpa nafasi ya kujisahihisha. Hatua za mwanzo tu, msichana mmoja alipobadilishana upande na mwenzake, walijikuta wameigeuza fremu, nyayo zikirudi mahali palepale. Kamba ikalala pembeni ya alama. Akaita, "Mwalimu, kamba imehama." Hakuishia kusema, aliweka kidole chake kati ya kamba na alama, kikaenea barabara, akakiacha pale ili mkubwa aje aone. Mwezeshaji aliangalia barabarani alikokuwa anatarajiwa mgeni rasmi, akamjibu kwamba ni upepo, afuate alama. Migomba ya uani mwa shule haikutikisa hata jani. Yule mtoto alikitoa kidole, akairudisha fremu ilivyokuwa, na vigingi vikaendelea kupigiliwa.

Tufanye hesabu, maana safu hii haihukumu kwa hisia. Upana wa kidole kwenye ubao wa kati wa fremu ya kipimo kile unamaanisha tofauti ya kama sentimita 2 za ardhi kati ya unyayo na unyayo. Mstari ulikuwa wa mita 60, yaani hatua 30 za fremu. Sentimita 2 mara 30 ni sentimita 60, na kina cha mtaro kilikuwa sentimita 60. Maana yake mdomo wa mtaro upande wa chini uko sawa na sakafu yake upande wa juu. Maji yatakapofurika huku, kule yatakuwa ndiyo kwanza yanalowanisha udongo. Mtaro huo hautashika maji ya masika. Utayakusanya kutoka shamba zima, utayaongezea kasi na kuyamwaga mahali pamoja, kwenye njia ya watoto ya kwenda vyooni. Hapo patachimbika korongo. Heri shamba lingebaki na nyasi zake. Maji ya upande ule yanashukia Ngerengere, na Ngerengere inaingia Bwawa la Mindu, ambalo Morogoro mjini wanalitegemea na ambalo tope linazidi kulijaza.

Nimesikia utetezi kwamba mteremko wa asilimia 1 ndani ya mtaro unakubalika. Unakubalika kwenye mtaro wa kutolea maji, ambao kabla haujachimbwa huandaliwa njia pana ya maji iliyoota nyasi za kutosha, ili mtaro uwe na mahali salama pa kumwaga. Pale hapakuandaliwa njia, na watoto waliambiwa kwa sauti kubwa kwamba maji yatatulia na kuzama. Huwezi kufundisha kitu kimoja, ukachimba kingine, halafu ukajitetea kwa jina la kile ulichokichimba bila kukusudia.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba hata fremu mbovu ingeweza kupita. Mabwana shamba wa zamani waliizungusha fremu kama bikari kwenye daftari: mguu wa mbele unabaki palepale, wa nyuma unazunguka kwenda mbele. Kwa mwendo huo, hatua ya kwanza ikikushusha sentimita 2, ya pili inakupandisha sentimita 2, na makosa yanafutana njia nzima. Watoto wetu waliambiwa waibebe na kuisogeza, mguu uleule ukitangulia kila hatua, kwa hiyo kila kosa lililalia upande mmoja na kulipandia lililotangulia. Wazee wale sijui kama waliwahi kuieleza hesabu hiyo ubaoni. Mikono yao iliijua, na waliokuwa wanafunzi wao waliipata kwa kuwatazama.

Uluguru, kati ya milima yote, si pa kuja na kipimo kilichokamilika ndani ya gari. Wakoloni walikuja hapa na Mpango wa Matumizi ya Ardhi, wakawalazimisha watu kuchimba matuta ya ngazi. Kwenye udongo mwembamba wa milima ile, matuta yaliufukia udongo wa juu na kuufunua wa chini usio na rutuba, na mazao yakawa hafifu. Walioutumia udongo huo maisha yao yote walilisema hilo mapema, hawakusikilizwa, na mwaka 1955 ghasia zikalipuka, mtu akafa. Siwafananishi wawezeshaji wa leo na maofisa wale kwa nia zao. Lakini kidole cha yule msichana kilikuwa ushahidi kutoka shambani, na kilijibiwa vilevile.

Anayetaka kuona mafunzo kwa vitendo yanavyokwenda, aende Mbinga. Wamatengo wamelima miinuko mikali kwa ngolo kwa vizazi na vizazi. Nyasi zinafyekwa, zinalazwa kwa miraba, akina mama wanachimba katikati na kuufunika mraba kwa udongo, na shimo linalobaki ndilo linalopokea maji na tope. Zile nyasi zinaoza chini ya tuta na kulisha maharage na mahindi. Binti anajifunza shimoni pembeni ya mama yake. Tuta lake likibomoka, anaonyeshwa lilipobomokea na analirudia. Hakuna anayemwambia ni upepo.

Tuliwahi kuwa na wazo kama hilo kwa shule zetu zote. Elimu ya Kujitegemea ya Mwalimu Nyerere, mwaka 1967, ililitaka shamba la shule liwe sehemu ya masomo, wanafunzi washiriki kuamua, waone faida na hasara ya walichokiamua. Tukaligeuza shamba kuwa adhabu ya wachelewaji. Sasa tumelirudisha kwa jina la klabu ya mazingira, tukiwa na fulana zilizochapwa na mgeni rasmi anayepanda mche bila kuuliza nani ataumwagilia Juni. Nimeandika hapa mara nyingi juu ya mikaratusi inayopandwa kando ya chemchemi kwenye sherehe kama hizi, wakati Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 imeweka mita 60 za kuhifadhi vyanzo vya maji, na nitaendelea kuandika. Watoto wanakariri aina za mmomonyoko kwa ajili ya mtihani, kisha wanachimba mojawapo kwa mikono yao, wakishangiliwa.

Mtaro ule bado unaokoleka, ila kazi ifanyike kabla masika hayajachanganya. Fremu irudishwe shuleni, ipimwe upya na watoto wenyewe kwa vigingi viwili na alama mbili, na yule msichana awe wa kwanza kuigeuza. Mstari mpya upigwe pembeni ya ule wa zamani, fremu ikizungushwa, ili kila darasa lipite na kuona jinsi mistari miwili iliyoanzia kigingi kimoja inavyoachana hadi kufika mwisho. Hakuna chupa itakayowafundisha zaidi ya hapo. Kama nguvu ya kuchimba upya haipo, viwekwe vizuizi vya udongo ndani ya mtaro, kimoja kila baada ya mita 5, na vichwa vyake viwe chini ya mdomo wa mtaro. Kati ya kizuizi na kizuizi anguko litakuwa sentimita 5, na maji yatagawanyika vyumba vyumba badala ya kukimbilia vyooni. Kila chumba kipewe kundi lake na rula yake. Baada ya kila mvua wapime tope lililolala nyuma ya kizuizi, waandike ukutani kwa chaki, na chumba kitakachojaa haraka kuliko vingine kiwaonyeshe sehemu ipi ya shamba hapo juu ianze kufunikwa matandazo.