Sekunde 52 za Chicago

Rekodi ya dunia aliyoiweka Kelvin Kiptum mjini Chicago tarehe 8 Oktoba 2023, saa 2:00:35, husimuliwa karibu kila mara kuanzia kilomita ya 30. Hapo ndipo alipochomoka. Kilomita tano zilizofuata alizimaliza kwa dakika 13:51, tano nyingine kwa 14:01, na Mkenya mwenzake Daniel Mateiko, aliyekuwa naye bega kwa bega tangu mwanzo, akabaki kuutazama mgongo wake. Ni kipande kitamu kukitazama kwenye televisheni na hakuna wa kukikanusha. Lakini chukua karatasi ya muda ya siku ile uiweke kando ya ile ya London, ambako Kiptum alishinda Aprili mwaka huohuo kwa 2:01:25. London alikimbia nusu ya kwanza kwa 61:40 na ya pili kwa 59:45. Chicago alikimbia nusu ya kwanza kwa 60:48 na ya pili kwa 59:47. Kumbe ile nusu ya pili ya Chicago iliyoimbwa na kila mtu ilizidiwa na ya London kwa sekunde 2. Sekunde 50 zilizomtoa nafasi ya pili katika orodha ya wenye kasi wa muda wote zikampeleka ya kwanza zilitoka zote kwenye nusu ya kwanza, wakati watazamaji wengi walikuwa bado wanachemsha chai. Alipunguza sekunde 52 huko mwanzoni na mwili ukamdai 2 tu baadaye. Kwangu mimi ufundi wa rekodi ile uko kwenye bei hiyo, na ndio unaomfaa hata mkimbiaji wa saa nne au tano kuliko mchomoko wa kilomita ya 30, ambao hawezi kuuiga.

Tuangalie sekunde hizo zilipatikanaje. Alipita kilomita ya 5 kwa 14:26, ya 10 kwa 28:42, nusu ya njia kwa 60:48 na ya 30 kwa 1:26:31. Maana yake ni kwamba kilomita 20 kuanzia ya 10 hadi ya 30 zilimchukua 57:49, wastani wa 28:54 na nusu kwa kila kilomita 10. Ukilinganisha na zile 28:42 za mwanzo, tofauti ni sekunde 12 na ushei katika kilomita 10, sekunde moja na kidogo kwa kilomita. Mwendo umenyooka kama uzi wa fundi mwashi. Kisha zikaja kilomita 10 za 27:52, na kilomita 2 na mita 195 za mwisho, pamoja na kile kilima kifupi cha daraja la Roosevelt Road kabla ya utepe, akazimaliza kwa 6:12. Ukijumlisha yote, nusu ya pili iliishinda ya kwanza kwa sekunde 61, yaani asilimia 1.7. Huko Valencia, katika marathoni yake ya kwanza tarehe 4 Desemba 2022, tofauti ilikuwa sekunde 83, na London ikapanda hadi 115, zaidi ya asilimia 3. Tofauti kubwa namna ile ya London inavutia macho, ila mhasibu angeiita kwa jina lake: chenji iliyobaki mfukoni. Mtu anayeweza kumaliza kwa 59:45 baada ya kuanza kwa 61:40 alianza taratibu mno. Chicago ilikuwa kusahihisha hesabu hiyo, na alisahihisha mahali penye kosa.

Kwa nini nusu ya kwanza iwe na bei hata kidogo? Mkimbiaji wa kilo 60 anahitaji takriban kilokalori 2,500 kumaliza kilomita 42.195, na wanga uliohifadhiwa kwenye misuli na ini ni takriban kilokalori 2,000. Pengo hilo huzibwa na mafuta ya mwili na kile anachokunywa njiani. Tatizo ni kwamba kadiri mwendo unavyopanda, misuli inazidi kuchagua wanga na kuyaacha mafuta, kwa hiyo kasi ya ziada hugharimu zaidi ya inavyoonekana kwenye saa. Chini ya mwendo fulani, ambao kila mtu ana wake, kuongeza kasi kidogo ni karibu na bure. Ukiuvuka, kila sekunde unayoichukua mapema unairudisha na riba, na mdai huja pale kilomita ya 30 au ya 32, miguu inapokata moto. Kwa ushahidi wa karatasi zake, dakika 60:48 zilikuwa bado hazijamvusha Kiptum mpaka huo. Zingekuwa zimemvusha, zile 27:52 zisingekuwepo.

Msomaji mkali atasema mbio mbili si maabara. London ilinyesha, Chicago kulikuwa na ubaridi wa kuridhisha. London alikuwa ndani ya kundi, Chicago walikuwa wawili na baadaye mmoja. Viatu navyo havikuwa vilevile, maana Chicago alivaa toleo la Nike lililokuwa bado halijaingia sokoni. Yote kweli. Ila hali nzuri ya hewa na kiatu chepesi humsaidia mtu katika nusu zote mbili, haviwezi kuchagua ya kwanza vikaiacha ya pili. Na kama barabara tambarare ya Chicago ndiyo iliyofanya kazi, ilimfanyia yeye peke yake: Benson Kipruto, mtu mzito mwenye ushindi wa Boston na wa Chicago kwenye wasifu wake, alifika wa pili kwa 2:04:02.

Pingamizi lenye nguvu zaidi linatoka kwa Eliud Kipchoge, nalo silikwepi. Berlin ya Septemba 2018 alikimbia 61:06 na 60:33, akapata 2:01:39. Berlin ya Septemba 2022 alianza kwa 59:51, mwendo uliowafanya watu wengi kushika vichwa, akamaliza kwa 61:18, jumla 2:01:09. Mtu yuleyule, mji uleule, mwezi uleule. Alichukua sekunde 75 mapema, akarudisha 45, akabaki na faida ya 30 na rekodi mpya ya dunia. Kwa hiyo kuanza kwa kasi kunalipa? Kwake kulilipa, tena akiwa na miaka 37. Lakini soma stakabadhi: katika kila sekunde 10 alizojiwekea, 6 zilipotea njiani. Kiptum katika 52 alipoteza 2. Kipchoge alikuwa na kipaji cha kuumia bila kupooza ambacho kizazi kizima hakikutoa wa pili wake, na ndiyo maana ile sehemu ndogo iliyosalia ilimtosha. Ukimwondolea kipaji hicho, hesabu hiyohiyo inageuka hasara.

Wasomaji wa Tanzania wa umri fulani watamtaja Juma Ikangaa, na wana haki. Ikangaa alipenda kuongoza. New York ya mwaka 1989 aliishinda kwa 2:08:01, rekodi ya njia ile wakati huo. Hata hivyo Oktoba 1982, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Brisbane, yeye na Gidamis Shahanga walikata mbuga mapema wakamwacha Robert de Castella nyuma kabisa. Mwaustralia yule hakuwafuata kwa pupa. Alilipunguza pengo kidogokidogo, akawafikia, na baada ya kukabana koo na Ikangaa kilomita za mwisho akashinda kwa 2:09:18 dhidi ya 2:09:30. Shahanga alikuwa ameshaporomoka. Mbio za kumvunja mpinzani moyo zina mantiki yake, na siku nyingine kuondoka mapema ndiyo silaha pekee uliyonayo. Alphonce Simbu alipoutwaa ubingwa wa dunia Tokyo Septemba 2025 kwa 2:09:48, muda sawasawa na wa Mjerumani Amanal Petros aliyekuwa wa pili, saa haikuwa jambo lililomshughulisha mtu. Lakini anayeshindana na saa, na hao ndio karibu wote wanaojaza barabara za Berlin, Chicago na New York kila mwaka, hana mpinzani wa kumtisha. Ana bajeti tu.

Na bajeti hiyo watu huitumia vibaya kwa namna inayopimika. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015, uliochambua matokeo ya wakimbiaji zaidi ya 91,000 katika marathoni 14 za Marekani, ulikuta kwamba mwendo wa wanaume ulishuka kwa wastani wa asilimia 15.6 kutoka nusu ya kwanza hadi ya pili, na wa wanawake asilimia 11.7. Mfikirie mwanamume ambaye muda wake bora wa nusu-marathoni ni saa 2 kamili, na marathoni nzima anaimaliza kwa saa 4:20. Akishuka kwa asilimia 15.6 hizo, maana yake alipita nusu ya njia kwa takriban saa 2:01 na kurudi kwa 2:19. Tazama hiyo namba ya kwanza tena. Amekimbia nusu ya marathoni kwa karibu nguvu zote alizonazo za nusu-marathoni, kisha akatarajia kuwe na nyingine. Alianza kwa 5:43 kwa kilomita, akamalizia kwa wastani wa 6:36, na katika wastani huo kuna kilomita alizotembea. Muda uleule wa 4:20, ukigawanywa kwa uwiano wa Kiptum wa Chicago, ni saa 2:11 na saa 2:09, yaani 6:13 kwa kilomita, baadaye 6:07. Saa inasoma kilekile mwishoni, lakini mwili uliofika hapo si uleule, na mtu aliyegawanya hivi ana nafasi ya kugundua kilomita ya 35 kwamba 4:20 ilikuwa ndogo kwake.

Hapa ndipo wakimbiaji wengi hujibu kwa methali: akiba haiozi. Nijiwekee dakika tano mapema, wanasema, nizile nikichoka. Methali ni ya kweli sokoni na shambani. Barabarani akiba huanza kunuka baada ya kilomita ya 30, kwa sababu kinachowekwa ni dakika ilhali kinachotolewa ni wanga, na benki hiyo haibadilishi fedha kwa bei ya haki. Wapo pia wanaosema mkimbiaji wa kawaida atapungua tu, afanye nini asifanye, basi bora achukue mapema kinachochukulika. Kwa sehemu wako sahihi: mazoezi yasipotosha, hakuna mgawanyo utakaomwokoa, na siku ya saa tano ni ndefu kwa magoti ya mtu yeyote. Lakini kupungua kwa asilimia 3 au 4 kwa uchovu wa miguu ni jambo moja, na kuporomoka kwa 15 ni jingine.

Faida ya marathoni za vuli (ile vuli ya Ulaya na Marekani Kaskazini ya majani kupukutika, si vuli yetu ya mvua) ni kwamba mpaka ule tuliouzungumzia unakuwa juu kidogo. Ubaridi unamwachia moyo kazi ya kukimbia badala ya kupoza ngozi. Pamoja na hayo, kalenda haiahidi kitu. Chicago ya Oktoba 2007 ilifika nyuzi 31 na waandalizi wakaisimamisha kabla maelfu hawajamaliza. Berlin ya Septemba 2025 Sabastian Sawe alianza kwa 60:16 katika asubuhi iliyokuwa inapasha, akashinda kwa 2:02:16, nusu ya pili ikiwa dakika 62 kamili. Mtu wa kiwango chake siku ya baridi asingetozwa hivyo. Kwa hiyo aliyeandika 6:13 kwenye kiganja anapaswa kuifuta akiamka na joto. New York nako, mbio zinapoanza kwa kupanda daraja la Verrazzano, kilomita ya kwanza haifai kufananishwa na nyingine yoyote. Na Chicago yenyewe ina mtego wake: kilomita za mwanzo hupita katikati ya maghorofa, ishara za setilaiti hurukaruka ukutani, na saa ya mkononi inaweza kukuambia unakwenda taratibu wakati unapaa. Soma alama za barabarani na utumie saa kama saa. Mwenye nusu-marathoni wiki nne au tano kabla ana kipimo bora zaidi ya saa yoyote: kanuni ya mhandisi Peter Riegel huzidisha muda huo kwa takriban 2.085, kwa hiyo saa 2 hutoa 4:10, nayo kwa wasiokimbia kilomita nyingi kwa wiki ni kanuni yenye matumaini kupita kiasi. Ongeza dakika kumi. Ndipo tulipoipata 4:20.

Swali linalobaki kwa mchambuzi ni mpaka wa Kiptum wenyewe ulikuwa wapi. Kama 60:48 haikumgharimu, je, 60:20 ingemgharimu? Dakika 60 kamili? Marathoni tatu ni data chache, na hakukuwa na ya nne. Alikuwa ameandikishwa kukimbia Rotterdam tarehe 14 Aprili 2024, kwa nia iliyotangazwa ya kushuka chini ya saa mbili. Yeye na kocha wake Mnyarwanda, Gervais Hakizimana, walifariki kwa ajali ya gari karibu na Kaptagat usiku wa tarehe 11 Februari.